Yule Si Dunia, Yule Ni Mama

Lanet, Nakuru
Jumapili jioni

Mpendwa ndugu yangu Kiplimo,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama alitulea tukijua kwamba hata mtu akiwa na hasira ya kupasua kuni kwa meno, salamu lazima atoe. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachilia? Nilikuona kwenye picha kule ng'ambo walikokupa tuzo, umevaa koti ambalo najua si lako, nikajiuliza kama huko walikupa chakula au walikupigia makofi tu. Sisi hapa hatujambo. Watoto wamefunga shule na wananimaliza. Mume wangu yuko kambini kama kawaida, na duka langu la dawa za mifugo linasonga. Baba yuko hapa kwangu, nilimleta apimwe macho. Anakula, analala, na analalamika kwamba maziwa ya Lanet yana maji. Kwa hivyo ni mzima.

Salamu zimeisha. Sasa kaa chini.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Kila nikikupigia naanza kama dada na kumaliza kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, nawe unanyamaza, unanyamaza mpaka natoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Sue, yule wa kunasa sauti kwenye filamu yako, analala kwangu leo. Kesho anarudi Nairobi na ameahidi kukupa karatasi hizi mkononi. Soma mpaka mwisho, hata kama utachoka. Mimi nimechoshwa na filamu zako nyingi.

Uliponiomba nionyeshe filamu yako nyumbani Kuresoi wakati wewe uko safarini, nilikubali kwa moyo mmoja. Ulisema watu wa nyumbani waione kabla ya watu wa Nairobi, kwa kuwa ndio waliowapikia ninyi mkipiga picha, wakawabebea vyombo, wakawaazima punda. Ulisema kweli. Mimi sikuwa nimeiona, na hakuna mtu huku aliyekuwa ameiona. Mama tulikuwa tumemzika Februari. Mungu anisamehe, nilifikiri itakuwa kama kumbukumbu: watu watamwona mama, watacheka kidogo, watalia kidogo, watakunywa chai waende nyumbani.

Nilimtafuta Ndegwa wa Molo, yule wa kupiga picha za harusi, aje na projekta na jenereta. Tulitundika shuka mbili nyeupe kwenye ukumbi wa kanisa na kuziba madirisha kwa maturubai, maana ilikuwa mchana. Watu walikuja wamevaa kama wanaenda kumwoza binti. Akina mama wa kikundi walileta chai na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Vijana walijazana nyuma, mmoja akaniuliza, "Mathe, hii iko na vita?" Nikamwambia ni filamu ya anga za juu, ya watu waliohamia sayari nyingine. Alifurahi sana, maskini.

Filamu ikaanza. Ukungu.

Kiplimo, sisi watu wa Kuresoi tunajua ukungu. Tunaamka nao, tunakamulia ng'ombe ndani yake, tunapoteza kondoo ndani yake. Hakuna aliyetoka kwake akavaa viatu vya Jumapili ili aje kanisani kutazama ukungu. Tuliungoja ufunguke. Tukaungoja. Ndegwa aliinuka akaipiga projekta kofi akidhani imekwama, ikabidi nimwonyeshe unyasi mmoja pembeni uliokuwa unatikisika, ndipo akaamini inatembea. Mchungaji alidhani tumepewa nafasi ya maombi ya kimya. Akainamisha kichwa, na nusu ya ukumbi ikainama pamoja naye. Sauti ya kwanza ilipotokea, ule mlio wa bati linalogongwa na upepo, watu kadhaa walisema Amina.

Na usiniambie sielewi. Umekuwa na tabia hiyo tangu uende chuo, ya kuniangalia kwa huruma kila nikisema filamu fulani imenichosha. Umesahau ni nani aliyekupeleka kwenye banda la video pale Molo ulipokuwa huwezi hata kufunga kamba za viatu? Mimi nilipenda filamu za anga kabla yako. Nilipenda meli zikilipuka, na yule mtu wa mwisho akikimbilia mlango unaofungwa. Halafu ukaniletea zile zako kwenye flash. Mtu anaelea kwenye chombo chake anaangalia dirisha. Dirisha nalo linamwangalia. Chai yangu inapoa. Nililala mara mbili, na nilipokuambia ukweli ulinijibu kwamba usingizi pia ni njia ya kutazama. Kiplimo! Daktari wa mifugo akilala wakati ng'ombe anazaa, atasema usingizi pia ni njia ya kuzalisha?

Mimi nilisema tangu wakati huo, na narudia, kwamba filamu nyingi za namna hiyo ni maringo. Mtu hana la kusema, basi analisema polepole ili lionekane zito. Na sisi tunaosinzia tunafanywa tujione wajinga, ndiyo maana wengi hupiga makofi. Kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kusema amechoka.

Lakini hayo si ya kunifanya nikutukane kwenye simu mara zile zote. Hayo ningekuchekea tu. Ngoja nikufikishe.

Baba alipotokea kwenye shuka, ndani ya ile nyumba ya udongo mliyoijenga, watu walichangamka. Walimwona akizungusha vitufe vya redio, akiuliza kama kuna mtu anayemsikia. Walielewa upesi, kwa sababu si wajinga. Walielewa kwamba watu wote wameondoka duniani wakaenda kuishi kwingine, wamebaki wazee wawili, na watoto wao waliahidi kupiga wakifika na hawajapiga. Mzee mmoja nyuma yangu alisema hiyo si hadithi ya sayari, hiyo ni kwake. Watu walicheka vizuri. Kama ungeishia hapo, ningekusifu mpaka leo.

Ndipo mama akatoka mlangoni na lile sahani la kunasa mawimbi mgongoni, akaanza kupanda kilima.

Sijui kama uliwahi kuitazama sehemu hiyo ukiwa umekaa katikati ya watu waliomjua. Kamera haisogei. Mama anapanda. Mwanzoni akina mama walikuwa wananong'ona kwa furaha, angalia Rael, angalia kitambaa chake kile cha bluu. Halafu wakaacha kunong'ona. Alikaa chini mara ya kwanza tukadhani ni mchezo. Akainuka. Akakaa tena. Tukasikia pumzi yake. Sue aliweka kile kifaa chake cha sauti karibu sana, kwa hivyo ukumbi mzima wa kanisa ulikuwa unapumua kama mama, kwa shida, kwa mluzi, na mtu aliyekufa hapaswi kupumua namna ile mbele ya watoto wake. Akakaa mara ya tatu. Akageuka akatutazama, akainua mkono, kiganja kikiwa wazi upande wetu.

Mama Winrose, ambaye aliolewa mwaka mmoja na mama na kulima naye viazi maisha yake yote, alisimama. Alisema kwa nguvu, akiiambia shuka, "Mshikeni! Kwani hakuna mtu hapo?"

Hakuna aliyemcheka. Alikuwa ameuliza swali letu sote. Kulikuwa na watu hapo, Kiplimo. Ulikuwepo wewe. Oduor alikuwa ameshika kamera, Sue ameshika sauti, na baba alikuwa amesimama pembeni. Watu wanne mlisimama mkamtazama mama yangu akitafuta hewa, na hakuna aliyeweka chombo chini.

Baba aliinuka kutoka kiti cha mbele akaenda mpaka kwenye shuka. Picha ya mama ikawa inamwangukia baba kwenye koti lake, kwenye mvi zake. Hapo sikuvumilia. Nilitoka nje nikazima jenereta.

Niliporudi, ukumbi ulikuwa giza na watu walikuwa wanatafutana viatu na vikombe. Chai haikunywewa. Baba alikuwa bado amesimama mbele ya shuka nyeupe. Nilimshika mkono nimtoe, akauvuta. Akaniambia, "Umemzima mama yako." Tangu siku hiyo mpaka leo mchana alizungumza nami habari za maziwa na dawa ya macho tu.

Wiki ile ile nikasikia umepata tuzo. Ukanitumia mambo waliyoandika huko, ukidhani yatanifariji. Niliyasoma dukani, mteja akisubiri dawa ya kupe. Mmoja aliandika kwamba pumzi ya yule mwanamke ni sauti ya sayari inayokufa. Mwingine akaandika kwamba mkono ule ulioinuliwa ni binadamu akiiaga dunia yake. Mwingine akasema ni ujumbe kwa nyota.

Nilimwambia mteja arudi kesho. Yule si dunia. Yule ni mama. Alikuwa na moyo uliopanuka, kama daktari alivyotuambia tukiwa tumechelewa, na alikuwa anakufa kwenye kilima cha kwetu huku akiwa amevaa gumbuti zangu za zamani. Haikuwa mfano wa kitu. Watu wa mbali waliketi kwenye viti vya kitambaa, wakaangalia mwanamke mgonjwa, wakasema ni uzuri. Na wewe ukapanda jukwaani ukasema asante. Ndipo nilipoanza kukupigia simu, na yote niliyosema unayajua. Nilikuita mwizi. Nilisema umeuza pumzi za mama. Nilisema kama angekuwa ni mbwa wa jirani ungekimbia kumwinua. Nawe ukanyamaza.

Nimeandika hayo yote makusudi, jinsi nilivyokuwa nayo mpaka leo asubuhi. Hasira hiyo nilistahili kuwa nayo, na nilitaka uione kwa wino kabla sijakuambia kilichotokea hapa nyumbani leo.

Sue alifika tukitoka kanisani. Nitasema ukweli, nilimpokea vibaya. Nilimpa chai ambayo haikuchemka vizuri. Alivumilia, akajaribu kukutetea. Alisema ingekuwa filamu ya kawaida, mama angepanda kilima mara moja, tungemwona chini halafu tungemwona juu, na hakuna ambaye angejua alikuwa mgonjwa. Alisema filamu za polepole ndizo zinazomlazimisha mtu aone. Nikamwambia basi ninyi mlilazimishwa mkaona, mkafanya nini? Sue akaanza kulia mezani, na mimi sikumbembeleza. Nilikuwa nimemaliza kubembeleza watu.

Baba alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake karibu na dirisha, sisi tukidhani amesinzia. Akauliza kama msichana huyu ana ile filamu. Sue akasema anayo kwenye kompyuta. Baba akasema anataka kuiona mpaka mwisho, na akaniangalia mimi, akasema safari hii mtu asiguse stima.

Tuliitazama sisi watatu, watoto nimewatuma kwa jirani. Saa mbili na nusu nzima, Kiplimo. Ukungu wako wa mwanzo bado ni maringo, sitabadilisha neno. Na ile sehemu ya kijiko kinachozunguka kwenye kikombe, hata baba aliuliza kama kuna kitu kimezama. Lakini mama alipofika pale pa tatu, akakaa, akainua kiganja, baba naye aliinua kiganja chake. Akasema polepole, kwa lugha yetu, "Nimekaa, nimekaa."

Sue akasimamisha filamu bila kuambiwa. Nikamuuliza baba anamwambia nani. Akasema anamjibu mama. Kwamba mkono ule haukuwa wa nyota wala wa kuomba msaada. Siku ile baba alikuwa amesimama nyuma yako kidogo, na mama alipokaa mara ya tatu yeye alikuwa ameshaanza kumkimbilia. Mama alimwona. Akamwinulia mkono akimwambia akae hapo hapo. Na wewe ulitoa macho kwenye kile kioo cha kutazamia picha ukamuuliza baba kama mama yuko sawa, au msimamishe kamera. Baba alikuambia yuko sawa, endelea.

Ndugu yangu, nilisimama nikakaa tena.

Kisha akatueleza mengine, macho yake yakiwa kwenye mikono yake. Kabla ninyi hamjafika na kamera, yeye na mama walikuja Nakuru mjini wakatuambia wanakwenda kumsalimia shangazi. Walikwenda hospitali. Mama aliambiwa moyo wake umechoka, asibebe mizigo, asipande vilima. Walipokuwa wanarudi nyumbani alimwapisha baba asituambie. Baba alimgombeza njia nzima. Mama akamjibu kwamba tangu uende chuo hujawahi kulala nyumbani zaidi ya Krismasi, na sasa unakuja kukaa. Alisema, "Nikisema ninaumwa atafunga kamera, atanipeleka hospitali, ataninunulia machungwa, halafu atarudi Nairobi. Wacha apige picha."

Hujui hili, na ndilo limenifanya niandike. Baba anasema kila ulipotosheka, mama ndiye aliyetaka mrudie. Unakumbuka? Ulisema ile ya mlangoni ni nzuri, akasema hapana, alikanyaga vibaya, kesho turudie. Ulisema mmemaliza kisimani, akasema uso wake haukukaa vizuri. Ulidhani amekuwa mwigizaji, ukawa unamsifu kwa Oduor. Mama hakujali uso wake. Alikuwa anakuweka nyumbani. Ulikuja kwa wiki mbili ukakaa karibu miezi miwili, kila jioni ukila ugali wake na kumsikiliza, na hukuweza kuondoka kwa sababu filamu yako ilikuwa ya polepole. Kama ungekuwa unatengeneza zile ninazopenda mimi, za kulipuana, ungemaliza upesi ukaenda zako.

Kwa hivyo sijui nikujibu nini tena kuhusu sanaa. Sue aliniuliza jioni hii kama nimebadilisha mawazo. Nilimwambia filamu yako nusu yake ni maringo na nusu yake ni mama, na nusu ya mama mtu asiiguse hata kwa mkasi wa kucha.

Usidhani hasira imekwisha. Imegawanyika tu, imekuwa na watu wengi. Nimemkasirikia baba, nikamwambia, akakubali. Nimemkasirikia mama, ambaye alinipigia kila Jumapili akaniuliza habari za kuku wangu na hakusema kitu. Mimi pia nilikuwa mtoto wake. Mimi pia ningetaka kurudiwa-rudiwa. Na wewe ndiye nimekukasirikia zaidi, kwa jambo jipya. Nilikutukana mwezi baada ya mwezi, na muda wote ulijua kwamba baba ndiye aliyekuambia uendelee. Ungesema neno moja. Hukusema, ili nisije nikamgeukia mzee. Umebeba matusi yangu kimya kimya kama punda. Hata kunyamaza kwako, Kiplimo, kumekuwa kama filamu zako: mtu anatazama, anatazama, na hajui kama ndani kuna kitu.

Kilikuwepo. Naomba unisamehe kwa yale ya mwizi. Yale ya ukungu yabaki.

Sasa kuna mambo mawili, na siyaombi, naagiza. Tulikaa mpaka majina ya mwisho yalipoanza kupanda. Jina la Oduor lipo, la Sue lipo, la aliyewaazima gari lipo. Hata punda wa Mama Winrose ameandikwa jina lake. Mama ameandikwa "Mwanamke wa Kilimani". Baba ameandikwa "Mzee". Niliona baba akisogeza uso karibu na kioo, akitafuta. Rudi kwenye mashine yako uandike Rael Chesang na Kiptanui, kwa herufi kubwa kama za wengine. Hao watu wa ng'ambo wakitaka kumwita sayari, angalau wajue sayari hiyo ilikuwa na jina.

La pili, utakuja nyumbani. Baba anataka filamu ionyeshwe tena pale pale kanisani, mpaka mwisho, na Ndegwa ameshakubali. Mama Winrose hajaacha kuuliza kwa nini hukumshika mama, anauliza sokoni, anauliza kwenye maombi. Nilimwambia baba kwamba swali hilo ni lako, utalijibu mwenyewe mbele ya watu. Baba alitikisa kichwa. Alisema atasimama yeye kwanza, aseme aliyoyajua na aliyoyaficha, halafu wewe usimame kando yake. Sijawahi kumwona baba akiwa na hofu ya kuongea kanisani. Leo alikuwa nayo. Usimwache asimame peke yake.

Watoto wanakusalimu, wanauliza kama uliwaletea kitu. Mume wangu anakupongeza kwa tuzo, yeye hana habari ya mambo haya. Msalimie Oduor, umwambie nimeacha kumwombea mabaya. Mpe Sue chai iliyochemka, mimi nilimkosea. Baba ananiambia kutoka kitini kwake niandike kwamba macho yake yanaendelea vizuri, na kwamba uvae sweta.

Mungu akulinde njiani mpaka tuonane Kuresoi. Ukifika, usianze kwa kunyamaza.

Ni mimi dada yako, ambaye bado amekasirika,

Chepchirchir